Ncha Isiyoguswa na Mkasi

Ubora wa brashi ya kunyolea uko kwenye ncha za nywele zake. Mpini waweza kuwa wa pembe au wa fedha, jina la mtengenezaji likachorwa ubavuni kwa dhahabu, na bei ikapaa. Kama ncha zimekatwa, hayo yote ni pambo tu. Kuhakiki ni rahisi. Ishike brashi ikiwa kavu, igandamize kidogo shavuni, kisha ipeleke huku na huku. Ukihisi vijiti vinakuchoma, aliyeitengeneza alifunga nywele kwanza halafu akazifyeka kwa mkasi ili zipate umbo. Usipohisi mwiba hata mmoja, basi kila unywele uliomo bado una ncha ile ile uliyoota nayo mwilini mwa mnyama, na kuna mtu aliyekaa kitako akazipanga nywele hizo, maelfu kwa maelfu, mpaka zikapata umbo la kuba bila chuma kuzipunguza. Kazi ya mtu huyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mnyama mwenyewe ni melesi, wa Ulaya na Asia, mfupi wa miguu, mwenye mistari myeusi na myeupe usoni, anayechimba mahandaki na kutoka usiku. Ni wa ukoo mmoja na nyegere wa kwetu. Unywele wake mrefu una rangi tatu: mweupe chini, mweusi katikati, mweupe tena juu. Wala hauna unene mmoja. Penye mzizi ni mwembamba, hunenepa kadiri unavyopanda, kisha huchongoka taratibu mpaka jicho linaupoteza. Nywele za namna hii zikifungwa pamoja chini, hutanuka zenyewe kuelekea juu, na baina yao hubaki nafasi nyembamba nyingi mno. Humo ndimo maji yanamokaa. Nywele za nguruwe, ambazo ndizo za brashi nyingi za bei nafuu, hunywa maji zenyewe, na kwa hiyo hutakiwa kulowekwa kwa muda kabla ya kazi. Za melesi huingia majini na kutoka na mzigo wake papo hapo.

Wauzaji huzipanga nywele hizi kwa madaraja, kuanzia lile wanaloliita safi, ambalo nywele zake ni nyeusi na ngumu kidogo, hadi lile la ncha ya fedha, lenye kichwa cheupe laini. Mnunuzi asiyategemee sana majina hayo. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga wote, na ncha ya fedha ya mmoja yaweza kuwa daraja la pili kwa jirani yake. Zipo pia brashi za rangi mbili, nyeupe juu na nyeusi chini, ambazo kwa kawaida husimama imara zaidi usoni. Kuna watu hawataki nyingine. Mimi napenda zile za rangi tatu, kwa sababu hulegea mapema na kutoa maji bila kulazimishwa.

Nywele nyingi za biashara hii hutoka China. Zikifika karakana huwa zimekwisha kuoshwa, kuuliwa vijidudu na kuchambuliwa kwa urefu. Fundi hupima kwa mizani gramu chache za kutosha brashi moja. Kuzihesabu hakuwezekani, kwa hiyo uzito ndio unaomwambia kama kitita kitashiba au kitapwaya. Kisha huzitumbukiza kichwa chini ndani ya kalibu, kikombe kidogo ambacho sakafu yake imechimbwa kwa umbo linalotakiwa: kuba iliyojaa, au upepeo uliofunguka. Hapo huanza kuigonga kalibu mezani, polepole, akiizungusha. Aliyewahi kumwona bibi akikusanya njiti za ufagio wa chelewa mkononi na kuzigonga sakafuni ili zilingane, amekwisha kuielewa hatua hii, ingawa hapa kinachotafutwa ni mviringo. Kila pigo hushusha nywele chache zaidi hadi chini. Ncha zote zikishafika, umbo la kichwa cha brashi limekamilika pale pale, mahali ambapo fundi haoni. Analijua kwa vidole.

Kabla ya hapo na baada ya hapo kuna kazi ya kuondoa. Unywele uliogeuka, mzizi juu na ncha chini, utamchoma mtu shavuni, sharti utolewe. Uliovunjika, utolewe. Uliopungua kimo, utolewe. Fundi hukichana kitita kwa kitana, hukipuliza, hukiinua kwenye mwanga, hubana kwa kisu butu na kidole gumba chochote kilichojitokeza, akavuta. Baada ya gundi kukauka hukichana tena, na brashi ikishafungwa mpinini hukichana mara nyingine. Sehemu kubwa ya utaalamu wake ni kujua nini kisibaki. Mtu mwenye haraka angechukua mkasi kwa sekunde kumi, kuba ikapatikana, na machoni pa mnunuzi dukani brashi hizo mbili zisingetofautiana. Shavu ndilo lingejua.

Shina la kitita hufungwa uzi kwa nguvu, na namna linavyosokotwa wakati wa kufunga huamua kama nywele zitafunguka sana au kidogo. Likishagandishwa kwa gundi huzamishwa ndani ya tundu la mpini, na hapo kuna uamuzi wa milimita ambao wanunuzi wengi hawauoni. Kitita kile kile kikizama milimita tatu zaidi, brashi inakuwa ngumu. Kikiachwa juu, inalegea na kuyumba. Kipenyo cha milimita 24 na urefu wa milimita 50 juu ya mdomo wa mpini hutoa brashi inayosugua bila kuparua. Ongeza urefu hadi 55 na kipenyo kibaki kile kile, utapata kitu kingine kabisa, cha kupaka zaidi kuliko kusugua. Kwa hiyo anayetaka kununua asiulize daraja la nywele peke yake. Aulize namba hizi mbili.

Mipini hutengenezwa kwa keezo. Zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe, mfupa, na kwa wenye nacho pembe za ndovu. Siku hizi mingi ni ya plastiki nzito iliyong'arishwa. Wapo wakerezaji wanaotumia mpingo, mti wetu wa Lindi na Kilwa, na unafaa kweli, kwa kuwa ni mzito, umeshikamana, na una mafuta yake yanayouzuia kunywa maji. Mpini wa mpingo hutulia kiganjani hata sabuni ikiutelezesha.

Karakana za kazi hii hazijawahi kuwa nyingi. Kampuni ya Kent ya London huhesabu miaka yake tangu 1777, wakati wa Mfalme George wa Tatu. Plisson ilianza Paris mwaka 1808. Otto Johannes Müller alianzisha Mühle mwaka 1945, vita vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha, katika eneo la Stützengrün kwenye milima ya Erzgebirge, ambako vijiji vizima viliishi kwa kutengeneza brashi. Mwaka 1972 serikali ya Ujerumani Mashariki iliitaifisha kampuni hiyo, na mwaka 1990 mwanawe akairudisha mikononi mwa familia. Kati yao wote, anayenivutia zaidi ni Alexander Simpson, aliyeanza London mwaka 1919. Kampuni yake baadaye ilihamia Somerset, na sasa brashi zake hutengenezwa Isle of Man. Kila umbo la mpini lilipewa jina: Chubby kwa nene iliyojaa kiganja, Duke kwa ya wastani, Wee Scot kwa ile ndogo kuliko zote, ambayo ukiiona unadhani ni ya mtoto, lakini nywele zake zimejazwa kiasi cha kutosha kunyoa uso mzima.

Tazama mwaka wenyewe. Mwaka huo huo wa 1919, Marekani, ilianza kuuzwa Barbasol, krimu ya kunyolea isiyohitaji brashi. Mwaka 1925 ikafuata Burma-Shave. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia yakaja makopo ya povu la kubonyeza. Simpson alijenga jina lake juu ya kitu ambacho, tangu siku ya kwanza, dunia ilikuwa imekwisha kuanza kukiacha. Hakupunguza nywele kwenye kitita ili ashindane na kopo. Nadhani ndiyo sababu mipini yake ya kale bado inatafutwa na kutumika.

Ipo sura moja mbaya katika historia ya brashi hizi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nywele za farasi zilizotoka Asia na Urusi zilipitia Ujerumani na Ufaransa, ambako zilisafishwa na kuuliwa vijidudu. Vita vikakata njia hiyo. Nywele zikawa zinafika Marekani na Uingereza moja kwa moja, bila kusafishwa ipasavyo, zikatengenezwa zifanane na za melesi, zikauzwa kwa bei rahisi kwa raia na wanajeshi. Wanajeshi walitakiwa kunyoa sawasawa ili barakoa za gesi ziwashike usoni. Wembe ukachana ngozi, brashi ikapaka, na kimeta kikaingia. Zaidi ya watu 200 katika nchi hizo mbili walipata kimeta kilichohusishwa na brashi za kunyolea, na baadhi yao wakafa. Mstari mweusi wa melesi unaweza kuigizwa kwa rangi. Ncha iliyochongoka yenyewe haiigiziki kwa urahisi hivyo, na kila ninapopapasa brashi dukani nawakumbuka watu wale. Brashi za leo husafishwa vizuri. Hata hivyo brashi ni ya mtu mmoja. Kinyozi anayepitisha brashi moja kwenye nyuso za wateja wote, hata akiisuuza, anabeba damu ya huyu kumpelekea yule, na mteja ana haki ya kukataa.

Nyumbani, kazi ya brashi huanzia kwenye maji. Yawe ya uvuguvugu, yale ambayo kiganja hakiyaogopi. Maji yanayochemka hudhoofisha gundi na kuzikausha nywele. Itumbukize, iinue, itikise mara moja au mbili ili ibaki nzito bila kudondosha. Kisha izungushe juu ya sabuni ngumu ya kunyolea, kwa uzito wake wenyewe, mpaka ncha zijae. Hapo wengi hukosa subira. Wanaona weupe, wanadhani povu limeiva, wanapaka. Povu hilo la mwanzo lina mapovu makubwa yaliyojaa hewa, nalo hukauka usoni kabla wembe haujafika kidevuni. Ongeza matone machache ya maji, endelea kuzungusha kibakulini au usoni penyewe. Mapovu yatapungua, yatakuwa madogo, yatapotea. Kitakachobaki ni kitu kizito, cheupe, chenye mng'ao, kisicho na tundu hata ukikikaribia na jicho. Brashi nayo hubadilika mkononi: mwanzoni ilikuwa inakwaruzana na sabuni, sasa inateleza kimya. Ukijaribu kuongeza maji zaidi ya hapo, povu litaanza kutiririka. Pale katikati ndipo pa kusimama, na brashi njema hukupa nafasi pana ya kupapata, kwa sababu huachia maji kidogo kidogo badala ya kuyamwaga.

Udevu mkavu ni mgumu. Ukinywa maji kwa dakika mbili tatu hulainika, na wembe huukata kwa nguvu ndogo zaidi. Povu la kopo hufunika uso, lakini halisugui. Brashi ikizungushwa shavuni huinua kila udevu uliolala, huupitishia maji chini hadi kwenye shina, huondoa mafuta na ngozi iliyokufa, halafu huuacha umesimama umezungukwa na sabuni. Kwa wanaume wenye ndevu za kujisokota, na sisi wengi tumo, jambo hili lina uzito wa pekee. Vipele vya ndevu hutokea pale udevu uliokatwa chini sana unapojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Brashi si dawa ya vipele, na aliyeandamwa navyo sana afadhali atumie mashine na kuacha ndevu ziwe na urefu kidogo. Lakini maji ya uvuguvugu, kusugua kwa upole kwa mizunguko, kufuata mwelekeo wa ndevu na kutoivuta ngozi ni mambo yanayosaidia, na mawili ya kwanza ndiyo brashi inayafanya vizuri kuliko vidole.

Anayeishi pwani ana matatizo mawili ambayo waliobuni brashi hizi hawakuyafikiria sana. La kwanza ni maji. Maji ya visima vingi ni mazito kwa chumvi, na sabuni ndani yake hukatika badala ya kutoa povu. Kinachobaki ni utando wa kijivu unaoshika nywele za brashi kwenye mizizi. Maji ya mvua, au yoyote laini, hata kikombe kimoja tu, hubadilisha kila kitu. Utando ukishashika, loweka kichwa cha brashi kwa dakika chache katika maji yenye siki kidogo, kisha suuza sana. La pili ni unyevu. Bafu la Mombasa au la Unguja halikauki, na nywele zinazolala zimeloa hupata ukungu na kuoza chini, penye gundi, ambapo huoni mpaka zianze kung'oka kwa mafungu. Brashi isikae bafuni. Isuuze hadi maji yatoke meupe, ikamue kwa mkono bila kuipinda, ikung'ute, ipanguse juu ya taulo, uiweke dirishani penye hewa. Watu hubishana kama ining'inizwe kichwa chini au isimamishwe. Hewa ikipita, mimi sioni tofauti.

Brashi mpya hunuka mnyama. Harufu hiyo huisha kwa kuiosha kwa sabuni na kuitumia. Hudondosha pia nywele chache mwanzoni, zile zilizoponyoka kitana cha fundi. Ikiendelea kudondosha baada ya hapo, ina kasoro, irudishwe. Kosa linaloziua brashi nyingi nzuri ni kuzigandamiza usoni hadi nywele zigawanyike katikati. Baada ya muda huvunjika pale pale kwenye shina, na kitita hubaki na shimo. Kuba iliyojengwa kwa uangalifu wote ule kwenye kalibu huharibiwa na mkono wa mwenye brashi, asubuhi baada ya asubuhi. Ncha ndizo za kufanyia kazi. Ukihisi mgongo wa nywele umekugusa, umezidisha nguvu.

Sasa, mnyama. Siwezi kuisifu kazi hii nikamruka aliyetoa nywele. Uingereza, ambako brashi nyingi mashuhuri zilitengenezwa, melesi analindwa na sheria tangu 1973, na sheria ya 1992 ikaongeza ulinzi huo. Nywele za brashi zimekuwa zikitoka kwingine, hasa China, na mwaka 2018 shirika la kutetea wanyama la PETA lilionyesha picha za melesi waliofungiwa katika vizimba vidogo na kuuawa kwa ukatili. Kuna kampuni zilizoacha nywele hizo baada ya hapo. Nilizitazama picha, na sioni namna ya kumwambia mtu leo aende akanunue brashi mpya ya melesi pasipo kujua nywele zake zilitoka wapi, jambo ambalo muuzaji mara nyingi hawezi kumthibitishia. Niliyonayo niliinunua kabla ya hapo. Naitunza idumu, kwa sababu kuitupa hakumrudishii mnyama chochote.

Nyuzi za viwandani zimefika mbali. Zile za zamani zilikuwa nailoni ngumu yenye ncha butu, hazishiki maji, hazina ulaini. Za sasa ni nyembamba, nyingi, na kabla ya kufungwa ncha zao huchongolewa kwa dawa kiwandani ili kila uzi umalizike kwa kupotea, sawasawa na unywele. Hilo linanifurahisha sana. Watu walipotaka kuiga brashi ya melesi hawakufanikiwa kwa rangi wala kwa unene. Walifanikiwa siku walipoipata ncha. Na baada ya kuipata, bado lazima mtu azitumbukize nyuzi hizo katika kalibu, agonge, azungushe, achambue, afunge. Brashi hizi hazihitaji kulowekwa, hukauka upesi hata katika hewa ya pwani, na hazinuki. Zinashika maji pungufu kidogo kuliko za melesi, kwa hiyo unaongeza matone mara moja zaidi. Ndizo ninazowashauri rafiki zangu, na ndizo ninazowanunulia vijana wanaoanza kunyoa.

Mpini wangu utadumu kuliko nywele zake. Kitita kikichoka, mpini unaweza kupelekwa kwa fundi anayejua kazi hii: hukata nywele za zamani zikiwa zimebanwa, hutoboa gundi kwa keekee ndogo bila kuugusa ukingo, husafisha tundu, na kupachika kitita kipya. Nimekwisha kuamua changu kitakuwaje. Kipenyo milimita 24, urefu 50, kuba iliyojaa, nyuzi za kiwandani zenye ncha zilizochongoka. Na kabla sijalipa nitaipitisha shavuni ikiwa kavu.